Kizuri chajiuza, lakini nani kakiona?

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, kuna haja ya kijana kukaa chuo kikuu miaka mitatu au minne akisomea masoko, na akihitimu atafanya kazi gani?" Nililisoma nikacheka peke yangu, maana mjomba wangu aliniuliza karibu vilevile siku nilipopata nafasi ya chuo, tena kwa methali hiyohiyo.

Jibu langu ni kwamba haja ipo, ila wengi wanaoiomba shahada hiyo hawajui wanaomba nini. Mimi mwenyewe sikujua. Nilichagua masoko kwa sababu moja tu: tangu shuleni niliambiwa nina mdomo. Nikadhani nakwenda kunolewa ulimi. Muhula wa kwanza nikapokelewa na takwimu, uchumi na uhasibu, na mdomo wangu haukunifaa kitu. Darasa zima tulikuwa na sura za watu waliopanda basi lisilo lao.

Kipindi kilichoniamsha kilikuwa cha bei. Mwalimu aliandika ubaoni: bidhaa inauzwa 100, na kuitengeneza hadi imfikie mteja inagharimu 60. Ukipunguza bei kwa asilimia 10, unatakiwa uuze zaidi kwa kiasi gani ili usipate hasara ya punguzo lako? Tukajibu kwa pamoja: asilimia 10. Akanyamaza, akatuacha tujisikilize. Kila kipande kilikuwa kinaleta 40, sasa kinaleta 30. Aliyekuwa akiuza vipande 300 alibaki na 12,000. Ili abaki na hiyo 12,000 kwa bei mpya, lazima auze vipande 400. Theluthi nzima zaidi, kwa punguzo ambalo mteja huenda asilione! Tangu siku hiyo nikikutana na bango la punguzo hujiuliza kama kuna mtu aliyeipiga hesabu hiyo kabla ya kulichapisha.

Watu husema biashara ni matangazo, na hapo ndipo shahada yetu inapoeleweka vibaya. Mwaka 1960 mwalimu mmoja Mmarekani, E. Jerome McCarthy, aliipanga kazi ya masoko katika mafungu manne ambayo mwanafunzi yeyote wa fani hii anaweza kuyataja usingizini: bidhaa, bei, mahali na promosheni. Aliye nje huliona fungu la mwisho peke yake. Lakini bidhaa isiyofika dukani haiokolewi na tangazo zuri, wala iliyopangiwa bei kwa kubahatisha. Methali ya mjomba inamchukulia mnunuzi kuwa ameshasimama mbele ya kile kizuri, amekishika mkononi. Sisi tunalipwa kwa yote yanayotangulia hapo.

Mwaka wa tatu nilipata aibu ambayo leo naishukuru. Kwa ajili ya utafiti wangu wa mwisho nilitunga dodoso, nikazunguka nalo wiki tatu na kukusanya majibu ya watu 120. Msimamizi wangu alilifungua, akafika swali la nne: "Je, unakubali kwamba huduma ni nzuri na ya haraka?" Akalizungushia wino mwekundu, akasema, "Umeuliza mawili, na umeshajijibu." Asiyeridhika na ubora lakini anakubali kasi angejibuje? Na neno "unakubali" lilikuwa limeshamsukuma. Nikaanza upya. Sijawahi kufundishwa kitu kwa gharama kubwa kuliko hicho, na ndicho kinachonilisha mpaka leo, kwa kuwa nilijikita katika utafiti wa masoko.

Ukidhani hayo ni makosa ya wanafunzi, tazama Coca-Cola mwaka 1985. Waliandaa ladha mpya, wakawaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi wakaipenda kuliko ya zamani. Mwezi Aprili wakabadilisha. Wateja wakaja juu kwa simu na barua, na kabla miezi mitatu haijaisha ladha ya zamani ikarudi sokoni. Hesabu za kuonja hazikuwa na kosa. Ila kumuuliza mtu kipi kitamu zaidi ni swali moja, na kumwambia kwamba alichokizoea hatakipata tena ni jambo jingine kabisa. Ukiniuliza somo la tabia za walaji linahusu nini, nitakupa kisa hicho kabla sijakupa nadharia yoyote.

Sasa kazi. Utafiti nimeshautaja: kutunga maswali, kuchagua sampuli, kuongoza mazungumzo ya vikundi, na zaidi ya yote kukaa na majedwali. Mdomo ninao bado, ila nauhitaji siku mbili kwa mwezi, tunapowasilisha ripoti. Kuna kazi ya chapa, yaani kulisimamia jina ambalo bidhaa inajulikana nalo sokoni, na ndiyo wengi huiota. Asili yake ina kisa kizuri: mwaka 1931 kijana aitwaye Neil McElroy, katika kampuni ya Procter & Gamble, alikuwa akishughulikia tangazo la sabuni ya Camay iliyofunikwa na ndugu yake mkubwa, Ivory, ya kampuni hiyohiyo. Akaandika waraka wa kurasa tatu akitaka kila chapa iwe na watu wake wa kuisimamia kama biashara kamili. Mpango huo ukaigwa na kampuni nyingi. Mwandishi wake alipanda hadi kuiongoza kampuni, na mwaka 1957 akawa waziri wa ulinzi wa Marekani, jambo ambalo hakuna chuo kitakuahidi.

Wakala wa matangazo huajiri waandishi, wabunifu, wanaopanga tangazo litoke wapi na lini, na wanaokaa katikati wakipokea lawama za mteja. Mashirika ya hisani na kampeni za afya nayo yanahitaji watu wetu, kwa sababu kumshawishi mtu apime shinikizo la damu hakutofautiani sana na kumshawishi ajaribu sabuni.

Vijana wengi wanakimbilia masoko ya mtandaoni. Sina ugomvi nayo, ila nawaonya kwamba huko ndiko kuna hesabu nyingi kuliko kote. Tangazo limeonwa na watu 10,000, waliobofya 150, walionunua sita. Basi kila mteja amekugharimu kiasi gani? Atarudi kununua mara ngapi? Ukibadilisha picha, ongezeko utakaloliona ni la kweli au ni bahati ya siku mbili? Asiyeweza kujibu hayo atabaki kupandisha picha na kuhesabu watu waliozipenda, na kazi hiyo hata mpwa wa bosi anaweza kuifanya.

Kuna kazi ambayo wahitimu huona haya kuitaja, na ndiyo huwaajiri wengi kwanza: mauzo. Unapewa eneo, lengo la mwezi, mshahara mdogo na kamisheni. Nilifanya hivyo miezi 14 nikijihesabu nimeshushwa hadhi. Kumbe mwezi wa pili tu niligundua kwamba katoni yetu ilikuwa ndefu kuliko rafu za maduka madogo, kwa hiyo wenye maduka waliiweka chini, nyuma ya mlango. Ofisini walikuwa wakijadili rangi ya tangazo. Meneja wa chapa asiyewahi kuuza utamtambua kwenye kikao cha kwanza. Huzungumzia wateja kama mtu anayeeleza nchi aliyoisoma kwenye ramani.

Lawama zangu kwa shahada hii ni mbili. Kwanza, mlango wake hauna kufuli. Katika nchi nyingi daktari na wakili wana leseni, lakini kazi ya masoko anaweza kuichukua aliyesomea saikolojia, takwimu au fasihi, na mara nyingine akakushinda. Pili, vyuo hupenda kufundisha vifaa vya leo, na vifaa hufa. Google ilianza kuuza matangazo yake mwaka 2000, na waliohitimu kabla ya hapo walijifunza hayo wakiwa kazini. Waliokuwa na msingi wa takwimu na wa kumwelewa mteja hawakuhangaika.

Ninapowahoji wanaoomba kazi kwetu, huwaambia wanitajie tangazo wanalolichukia, kisha waniambie limetengenezwa kwa ajili ya nani. Wengi huishia kueleza chuki. Binti mmoja aliwaza kidogo, akasema, "Silipendi kwa sababu si langu, ni la mama yangu, na yeye ameshanunua." Tulimwajiri wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo mwenye kijana anayetaka kuomba nafasi, aitafute orodha ya masomo ya chuo husika na kuhesabu yenye hesabu ndani yake: takwimu, mbinu za utafiti, uhasibu, uchambuzi wa data. Yasipofika manne katika shahada nzima, na mafunzo kwa vitendo hayapo, aangalie kwingine.

Mjomba alinipigia simu mwaka juzi. Ameanza biashara, ana bidhaa nzuri sana, anasema, lakini haitoki. Nikamuuliza anabaki na kiasi gani kwa kila kipande. Akasema atanipigia tena.