Betri ya vepu (sigara ya umeme): ya kawaida au ya kurekebisha volti?
Kaka unayeuliza kama ubadili betri, kama moshi unapungua kabla hata chaji haijaisha we badili tu. Hizo za kawaida nyingi zinatoa kama volti 3.7 na hamna cha kugusa, ila ya kurekebisha unazungusha kile kiduara cha chini kutoka 3.2 hivi mpaka 4.8, sasa hapo ndo watu wanapokosea, mtu kaipata leo leo kapandisha mpaka mwisho koili (kile kiwaya kinachopata moto ndani) imeungua anaanza kumlaumu muuzaji 😂 mi mwenyewe yalinikuta nimekaa zangu Raskazone hapa Tanga napunga upepo, ladha ikawa kama nalamba mkaa. Cheki omu za koili kwanza, yaani ukinzani wake wa umeme: ya omu 1.8 kwenye volti 3.7 unapata wati 7.6 tu, ukiweka 4.2 inafika 9.8, so anzia chini panda kidogokidogo, ikianza kukwaruza koo rudi. Tanki lako la maji ya ladha usinunue jipya kama ni la kufunga kwa skrubu ya 510 (saizi ya kawaida ya nyuzi za vepu), linaingia hilohilo. Afu chaja ya simu ya fasti chaji usiichomeke kwenye hiyo betri, joto la Tanga lenyewe linaitosha