Barua kwa mwanangu: mke wa gavana kutwa anafanya nini?

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umepita Eagle Street hapo Albany, makao makuu ya jimbo la New York, ukaonyeshwa nyumba ya gavana, na mwenyeji wako akakwambia mke wa gavana hachaguliwi na mtu wala hana mshahara. Ndipo ukaniuliza: sasa kutwa anafanya nini, Mama, kupokea wageni tu?

Wageni wapo, na utepe wa kukata haukosekani. Lakini nyumba hiyohiyo aliishi Eleanor Roosevelt, kuanzia Januari 1929 hadi mwisho wa 1932, na mimi niliyefundisha historia miaka 31 sijachoka kumsimulia. Mumewe, Franklin, aliyekuwa gavana miaka hiyo na baadaye rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921. Kazi ya ugavana ilimtaka akague hospitali na magereza ya jimbo. Kwa gari aliweza kuzunguka nje. Kuingia wodini, kupanda ngazi, hakuweza. Akamtuma mkewe.

Mwanzoni Eleanor alirudi na taarifa ya chakula kilichoandikwa kwa siku ile. Franklin akamuuliza kama amehakikisha kwamba wagonjwa wanakipata kweli. Hakuwa amehakikisha. Tangu hapo akawa anafunua masufuria jikoni. Vitanda akaviangalia vimebanana kiasi gani, na nyuma ya milango akachungulia kama kuna vingine vimekunjwa na kufichwa, maana hapo ujue watu wamejazana. Unacheka? Bibi yako alipokuwa akija kunitembelea nilipoolewa, salamu hazijaisha keshafika jikoni.

Na usidhani aliishi kwa cheo cha mume tu. Alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya Todhunter, Manhattan, na kazi hiyo hakuiacha: Jumapili jioni anapanda treni kwenda jijini New York, Jumatano anarudi Albany kupokea hao wageni wako. Alichoacha ni siasa za majukwaani, na alikuwa amejijengea jina hasa katika chama cha Democratic. Hata gazeti la wanawake wa chama aliendelea kulihariri kimyakimya, jina lake halionekani. Mshahara ningeusamehe, Rehema. Hilo la jina lingeniuma.

Ukipita tena mtaa huo nipigie picha, hata ya geti. Na koti uvae.

Mama yako