Usikubali ilimba ituniwe kufuata kinanda

Fundi asiiguse hata chuma kimoja cha ilimba hiyo, ala ya Wagogo wa Dodoma yenye vyuma vyembamba juu ya ubao vinavyopigwa kwa vidole gumba. Umeandika kwamba umeipata kwa baba yako mdogo huko Chamwino, kwamba unataka kuiingiza katika wimbo wenye gitaa na mdundo wa amapiano, na kwamba prodyuza amekutaka uipeleke ikatuniwe ilingane na kinanda kabla ya kurekodi Jumamosi. Ushauri huohuo nilipewa mimi mwaka 2016, nikaufuata.

Ilimba yangu ilikuwa ya babu mzaa mama, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Prodyuza aliweka mbele yangu simu yenye programu ya kupimia sauti, akagonga chuma kimoja baada ya kingine, na kila kishale kilipokosa katikati alisema kwamba ala ya wazee imechoka. Fundi wake alivivuta na kuvisukuma vyuma, na vile vilivyokataa akavipiga tupa mpaka vikapungua. Utando wa buibui unaoziba tundu la ubao, ule unaoipa ilimba mvumo wake, aliubandua kwa kuwa eti unakwaruza kwenye maikrofoni. Vyuma visivyoguswa na vidole, ambavyo kazi yake ni kuitikia vile vinavyopigwa, aliving'oa akidai ni mapambo. Mama zangu wadogo, ambao wamepiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, tangu ujana wao, walipokuja kuitikia kiitikio walinyamaza katikati ya wimbo, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba huyo ndiye aliyekosea. Nililipa shilingi 600,000 kwa wimbo ambao haukutoka, na sauti aliyoiacha babu ilikuwa imehifadhiwa katika vyuma vile tu.

Nina hasira na prodyuza yule hadi leo, kwa sababu alizungumza kwa uhakika mkubwa juu ya jambo ambalo hakuwahi kulichunguza. Ilimba haikuwa imechoka. Muziki wa Wagogo hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi, yaani zile zenye mitetemo mara nne, tano, sita, saba, nane na tisa ya msingi huo. Sauti ya tano, yaani ile yenye mitetemo mara tano ya msingi, iko chini kidogo ya ile ya kinanda, na ya saba iko chini kwa karibu theluthi ya nusu toni, tofauti ambayo sikio lolote huisikia. Kishale cha simu kikikwepa hapo, kinaonyesha kwamba aliyeitengeneza alikuwa na sikio zuri. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyepiga ilimba, alirekodi na mpiga gitaa wa Kanada Michael Brook albamu iliyotoka mwaka 2002, na mwanawe Msafiri amekwenda mbali zaidi na mitambo ya kielektroniki, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ala hizi haziwezi kukaa na muziki wa dunia mpaka zikatwe kwanza.

Kinanda ndicho kinachopaswa kusogea. Rekodi ilimba kwanza, peke yake, ikiwa na utando wake na vyuma vyake vyote, kisha mwambie prodyuza ashushe au apandishe kinanda kizima mpaka kikutane na sauti ya msingi ya ilimba, na gitaa lituniwe hapohapo. Besi na kinanda vibaki kwenye sauti ya msingi na ile ya sita, kwa sababu hizo mbili hulingana na kinanda karibu kabisa. Ya tano na ya saba waachie ilimba na waimbaji, na mtu asipige juu yake kodi za kinanda, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Sauti za waimbaji zisipitishwe kwenye programu ya kunyoosha sauti, kwani itaharibu kilekile ulichokiokoa kwenye vyuma.

Mimi nilirudisha ilimba ya babu baada ya miaka miwili, nikiwa nimekaa na mama mdogo mmoja akiimba huku mfua chuma akisogeza chuma kimoja kimoja, na vyuma 11 ilibidi vitengenezwe upya. Bado haijarudi yote. Jumamosi nenda na mama au shangazi anayeimba, aketi karibu na fundi mitambo tangu mwanzo, na prodyuza akisisitiza tupa, chukua ilimba yako uondoke hata kama umeshalipa.