"Ongeza patishoni" na "iongezee patishoni"

SWALI: Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Wateja wangu wengi wana mifumo miwili, Windows na Linux, kwenye mashine moja, kila mmoja na patishoni yake, yaani kipande chake cha diski, na upande wa Linux huishiwa nafasi mapema. Niliwaandikia: "Punguza patishoni ya Windows kwa GB 40, kisha ongeza patishoni ya Linux." Mteja mmoja alipunguza vizuri, halafu akatengeneza patishoni mpya kabisa, ile ya Linux ikabaki vilevile. Anasema amefuata nilichoandika. Kosa liko wapi? Au niseme "sehemu" badala ya "patishoni"?

JIBU: Ndugu yangu, mteja wako amesoma Kiswahili sawasawa. Ukiongeza sauti au mshahara, kilekile kilichopo kinakua. Lakini kitu kikiwa cha kuhesabika, "ongeza" humwelekeza mtu kuleta kingine. Mwambie mwashi "ongeza chumba", atachimba msingi mpya. Hatasogeza ukuta wa chumba ulichonacho. Patishoni nazo huhesabika, na Windows yenyewe ilimsukuma huko huko: nafasi aliyoipata ilionekana kama utepe mweusi kwenye programu ya diski, na ukibofya hapo unapewa njia ya kutengeneza patishoni mpya. Kuikuza ya Linux programu hiyo haiwezi.

Dawa ni kauli ya kutendea pamoja na kiambishi cha mtendwa: "iongezee patishoni ya Linux nafasi". Hapo kinachoongezwa ni nafasi, na patishoni ndiyo inayopokea. Angalia zile "e" mbili mwishoni, zote zinaandikwa na zote zinatamkwa. Ukiandika "iongeze" umerudi kulekule kwa mteja wako.

"Punguza" yako imeokolewa na "ya". Patishoni ni ngeli ya I-ZI, umoja na wingi neno ni lilelile, kwa hiyo "punguza patishoni" peke yake ingeweza kueleweka kuwa ni kupunguza idadi, yaani kufuta baadhi. Na patishoni ikifutwa, mafaili yaliyomo huenda nayo. Mimi ningeandika "ipunguze", mlango huo ufungwe kabisa.

Hiyo "kwa GB 40" nayo usiiguse. "Kwa" hutaja kiasi kinachoondolewa, "hadi" hutaja ukubwa utakaobaki, na watu huyachanganya kila siku. Kisanduku cha Windows huuliza kiasi cha kuondoa, tena kwa MB, kwa hiyo mteja ataandika 40960. GParted, programu ya kupanga patishoni, ina kisanduku cha ukubwa mpya, na hapo ndipo pa "hadi". Anayechanganya hayo mawili atajikuta anaibana Windows ibaki na GB 40, au programu imkatalie.

Kuhusu "sehemu", ni neno zuri, ila maelekezo yako bila shaka yana "sehemu ya juu ya skrini" na "sehemu ya kuandika". Baki na patishoni. Wateja wako wamelizoea.

Andika basi hivi:

"Nakili kwanza mafaili yako muhimu nje ya mashine. Ukiwa ndani ya Windows, ipunguze patishoni ya Windows kwa GB 40. Utepe mweusi utakaotokea usiutengenezee kitu. Izime kabisa Windows, iwashe mashine kwa flashi yenye GParted, kisha iongezee patishoni ya Linux nafasi hiyo."

"Izime kabisa" lisitoke, kwa sababu Windows yenye uwashaji wa haraka hujizima nusu, na patishoni yake huachwa katika hali ya usingizi. Uzime uwashaji huo kwanza. Ongeza pia sentensi kuhusu umeme. Nafasi iliyopatikana kwa kawaida hukaa mbele ya patishoni ya Linux, hivyo GParted hulazimika kuuhamisha mwanzo wa patishoni hiyo pamoja na data iliyomo. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, data yaweza kuharibika.