Mia ya Nyerere iliyogeuka nyeupe na heller iliyokaa upande: kosa la kiwanda au imeharibika tu?

Mkuu, umeuliza kama mia yako iliyogeuka nyeupe na heller yako, ile sarafu ndogo ya enzi za Mjerumani, yenye picha iliyosogea upande ni makosa ya kiwanda ya mamilioni, kama ulivyoambiwa huko Ujiji. Mimi niko Tabora, na vitu vya namna hii naletewa kila mara. Mia siiamini. Heller ina habari yake.

Kosa la kiwanda hutokea kabla sarafu haijatoka mashineni: kisahani cha chuma kimekatwa vibaya, hakikupakwa, au hakikukaa sawa kati ya mihuri miwili. Sasa kila alama uliyonayo iulize: mashine ingewezaje kuifanya hii? Ukikosa jibu, imefanywa na mtu, moto au udongo.

Tuanze na mia. Ile yenye Nyerere upande mmoja na swala wanne upande wa pili ni chuma kilichovalishwa shaba njano, ndiyo maana hata sumaku ya spika mbovu inaidaka. Kisahani kikipita bila kupakwa kisha kikapigwa mhuri, utapata sarafu nyeupe kweli, lakini nywele za Mwalimu na kingo za herufi zitakuwa kali kama za mia nyingine yoyote. Iliyosuguliwa msasa au kuchovywa asidi huwa imelainika, ina vishimo vidogo, na ukiweka lenzi kwenye pembe za herufi, pale msasa usipofika, unakuta unjano umejificha. Unjano huo ukiuona, biashara imeisha.

Kuna ujanja mwingine wa huku kwetu: zebaki. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu kama ya Nzega haikosekani, na mtu akiipaka kwenye shaba njano inang'aa kama fedha. Mng'ao huo haudumu, unafifia na kuacha mabaka. Ukihisi ni zebaki, usiisugue kwa kidole wala usiipeleke motoni kujaribu, mvuke wake ni sumu.

Halafu zipo za relini. Tabora ni njia panda ya reli, na watoto wamekuwa wakitega sarafu kwenye chuma cha reli tangu enzi. Hizo ndizo ninazoletewa kuliko zote, eti "imepanuka kiwandani". Ni kweli kuna sarafu hupanuka kiwandani, pale pete inayoshika ukingo inapokosekana. Lakini hapo picha ya katikati inabaki na ukubwa wake wa kawaida, kinachoongezeka ni ukingo tu. Ya reli inavutika yote kama chapati iliyosukumwa upande mmoja: uso umerefuka, herufi zimelala.

Ukiona herufi zimegeuka kinyume na kudidimia juu ya picha ya kawaida, hiyo imebanwa na sarafu nyingine kwenye jiliwa. Sitaki hata kuijadili.

Sasa heller, na hapa Watabora tuna la kujivunia kidogo. Heller 20 za mwaka 1916 zenye herufi T zilipigwa hapahapa, kwenye karakana ya reli, wakati Wajerumani wamezibiwa njia ya bahari na vita. Walitumia shaba waliyoipata, yakiwemo maganda ya risasi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kazi ya haraka namna hiyo huzaa sarafu zenye ukingo mwembamba upande mmoja, picha isiyokaa katikati, na mistari iliyoinuka palipopasuka mhuri. Kwa heller ya Tabora huo ndio uso wake wa kawaida, kwa hiyo kusogea kidogo hakupandishi bei. Cha kuangalia ni mstari: ulioinuka umetoka kwenye mhuri, uliochimbika ni mkwaruzo.

Rangi nayo isikuchanganye. Zilipigwa za shaba nyekundu na za shaba njano, zote halali. Ila ya njano ikikaa ardhini miaka mingi hupoteza zinki na kuwa nyekundu kwa mabakamabaka, na hapo ndipo madalali wanaiita "adimu". Wekundu wa mabaka ni udongo. Ile ya shaba nyekundu tangu mwanzo huwa na rangi moja mpaka ukingoni.

Ndimu na majivu usiiguse navyo, ukiing'arisha umeikata bei wewe mwenyewe. Ipeleke kwa sonara aipime kwa gramu, uweke hapa uzito na picha ya ukingo, siyo ya uso peke yake. Na huyo mnunuzi anayetaka umtumie kwanza "hela ya vipimo", mkaushie.