Mwanangu, uanze na ipi?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi. Unasema ukitoka kazini unabaki na saa moja tu ya kukaa mbele ya skrini, na saa hiyo yote inaishia kwenye kupekua. Unafungua hii, unasoma maelezo yake, unaiacha, unafungua ile, mpaka usingizi unakukuta hujaangalia kitu. Ukaniuliza mambo mawili: tamthilia gani mpya zinafaa muda wako, na zile ulizoziacha zikarudi na msimu mwingine, uzianze upya au uendelee ulipoishia? Nimefurahi kuulizwa. Tangu nistaafu uuguzi nimeangalia nyingi, na baadhi nimeziangalia kwa sababu tu uliwahi kuzitaja, ili ukipiga simu tuwe na la kuzungumza.

Mimi siku hizi, kabla sijaanza tamthilia, natazama kwanza ina sehemu ngapi, na kama hadithi yenyewe inajua inakoelekea. Mtu mwenye saa moja kwa usiku hawezi kujitupa kwenye hadithi ya misimu minane iliyokosa mwenyewe wa kuimaliza. Kwa hiyo anza na fupi iliyokamilika.

Anza na Adolescence, iliyotoka Netflix Machi 2025. Ina sehemu nne tu, yaani usiku nne, nawe umemaliza. Polisi wanavunja mlango wa nyumba moja Uingereza alfajiri na kumkamata mtoto wa miaka 13 kwa tuhuma za mauaji. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana hutapata pa kupumulia. Mzazi anapomfuata mwanawe kituoni, nawe unamfuata hatua kwa hatua, kwenye gari, kwenye korido, kwenye kile chumba chenye meza. Sehemu ya tatu ni mtoto na mwanasaikolojia wake wameketi tu wanazungumza, na mimi nilijikuta nimeshika kiti kwa mikono miwili. Owen Cooper, aliyeigiza mtoto huyo, hakuwahi kuigiza kama kazi kabla ya hapo. Septemba 2025 alipata tuzo ya Emmy, ile kubwa ya televisheni ya Marekani, akiwa na miaka 15, mwanamume mdogo kuliko wote waliowahi kuipata kwa uigizaji. Usiiangalie usiku ambao siku yako ilikuwa mbaya. Ngoja uwe na moyo mtulivu.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote, na hapa univumilie, nitaongea sana. The Pitt ilianza Januari 2025 kwenye mtandao wa HBO. Msimu wa kwanza ni zamu moja ya idara ya dharura katika hospitali ya Pittsburgh, Marekani. Sehemu ni 15, kila moja ni saa moja ya zamu hiyo, kuanzia saa moja asubuhi. Zamu imekwisha, msimu umekwisha. Daktari mkuu wa zamu, Robby, anaigizwa na Noah Wyle, yuleyule aliyeanza kuigiza kijana mwanafunzi wa udaktari katika ER, tamthilia nyingine ya hospitali, mwaka 1994. Nilimwona wakati ule akiwa hajui pa kuweka mikono yake. Kumwona sasa ana ndevu zenye mvi, yeye ndiye anayewafundisha vijana, kulinigusa kwa namna ambayo nadhani wewe hutaiona hivyo, maana wakati ule hukuwa umezaliwa.

Umewahi kuniuliza kwa nini nilikuwa narudi nyumbani kimya. Angalia tamthilia hii utaelewa. Hakuna muziki wa kukuambia sasa ulie. Kuna sauti za mashine, magurudumu ya vitanda, watu wanaitana. Kuna sebule ya kungojea iliyofurika, na sababu wanaisema waziwazi: wagonjwa waliokwisha kulazwa hawana kitanda wodini, hivyo wanabaki kulekule chini, na waliopo nje hawana pa kuingizwa. Watu wanadhani daktari ni mvivu, kumbe kilichokosekana ni kitanda. Hilo nililibishania na ndugu za wagonjwa miaka yote ya kazi yangu, na sikuwahi kuliona likielezwa vizuri namna hii kwenye skrini.

Kisha kuna muuguzi kiongozi, Dana, anayeigizwa na Katherine LaNasa. Naye alipata Emmy mwaka 2025, Wyle akapata, na tamthilia yenyewe ikachukua ile ya tamthilia bora. Mtazame Dana hata anapokuwa nyuma ya wengine. Anajua nani hajala, nani yuko karibu kuanguka, mgonjwa gani anatazamwa na watu watatu na yupi hatazamwi na yeyote. Anapogusa bega la daktari kijana anayetetemeka, haongei. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Na kuna ndugu wawili, kaka na dada, wanaotakiwa kuamua kama baba yao aendelee kupumuliwa na mashine. Daktari anawapa maneno machache ya kumuaga. Hapo nilisimamisha, nikatoka nje kidogo, nikarudi. Damu na majeraha yamo, na hayafichwi. Ukiona yamezidi, geuza macho, lakini usiache.

Msimu wa pili ulirudi Januari 2026, mwaka mmoja kamili baada ya wa kwanza. Ni zamu nyingine ya siku moja, safari hii sikukuu ya uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai. Huu mwendo wa kurudi kila mwaka ni wa zamani, tumeusahau tu. Tamthilia nyingi siku hizi zinakuacha miaka miwili au mitatu, na ndiyo maana swali lako la pili limezuka.

Chukua Severance, ile ya wafanyakazi waliotenganishwa kumbukumbu, wakiwa ofisini hawajui maisha yao ya nje na wakiwa nje hawajui wanafanya kazi gani. Msimu wa kwanza ulimalizika Aprili 2022 pakiwa pamekaza kabisa. Wa pili ukaja Januari 2025. Katikati yake kulikuwa na mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza Mei 2023, kisha wa waigizaji ulioanza Julai na kuisha Novemba mwaka huohuo, kazi nyingi zikasimama. Mimi niliingia msimu wa pili kichwa kitupu, nikapotea ndani ya dakika kumi. Nikarudi nikaangalia sehemu ya mwisho tu ya msimu wa kwanza, na ilitosha. Nawe fanya hivyo: usizirudie zote tisa. Sehemu ya mwisho inabeba kila kitu unachohitaji, na yale madogo uliyosahau yatajikumbusha yenyewe.

Andor ni tofauti kidogo. Najua uliiacha kwa sababu ulichoshwa na filamu za Star Wars, lakini hii haihitaji uzijue. Ni hadithi ya watu wa kawaida wanaofika mahali wanakataa kutawaliwa kwa mabavu, kila mmoja kwa gharama yake. Ina misimu miwili ya sehemu 12 kila mmoja, na imekwisha. Tony Gilroy aliyeitunga alikuwa amepanga misimu mitano, akaona haiwezekani, akaibana kuwa miwili. Kwa hiyo msimu wa pili, uliotoka 2025, unakwenda kwa mafungu ya sehemu tatu tatu, na kila fungu linaruka mwaka. Usikate fungu katikati ukaliacha wiki nzima, utapoteza uzi. Kabla ya kuuanza, rudia sehemu za gerezani za msimu wa kwanza, ya 8 hadi ya 10. Si lazima kwa kuelewa. Ni kwa sababu ni nzuri mno.

Stranger Things ulianza kuiangalia ukiwa bado shule, mwaka 2016, mimi nikikukataza usiku. Imemalizika 31 Desemba 2025, misimu mitano. Waigizaji waliokuwa watoto wamekuwa watu wazima mbele ya macho yetu. Imalize tu, kwa ajili ya ule umri wako, ila sehemu ya mwisho inazidi saa mbili, iwekee siku ya mapumziko.

Slow Horses ndiyo ya kukupa nguvu siku za katikati ya wiki. Majasusi wa Uingereza walioharibu kazi wanatupwa kwenye ofisi chakavu chini ya mkuu mmoja mchafu, mkali, mwenye akili kali, anayeigizwa na Gary Oldman. Kila msimu una sehemu sita na kisa chake kinaisha humohumo.

Shōgun, ya mwaka 2024, iweke kwa usiku ambao hujachoka, kwa sababu sehemu kubwa ni Kijapani na lazima usome maandishi chini ya skrini. Usichague sauti za kutafsiriwa, nakuomba. Mkalimani katika hadithi hiyo anabadilisha maneno kidogo anapoyafikisha, na hila zote zimo humo. Ukiondoa lugha ya asili umeondoa nusu ya tamthilia. Msimu wake wa kwanza ulipata Emmy 18, ambazo hazijawahi kupatikana na msimu mwingine wowote.

Kati ya zile mpya ambazo hadithi yake bado haijaisha, moja tu ningekuruhusu: Pluribus, iliyotungwa na Vince Gilligan, iliyoanza Novemba 2025. Karibu binadamu wote wanaunganika kuwa akili moja yenye furaha, na mwanamke mmoja mwenye hasira, anayeigizwa na Rhea Seehorn, ni miongoni mwa wachache wanaobaki na mawazo yao wenyewe. Iliagizwa misimu miwili tangu mwanzo, kwa hiyo hutaachwa njiani baada ya msimu mmoja. Inakwenda polepole. Kuna dakika nyingi bila neno hata moja, na mimi nilizipenda hasa hizo.

Kuhusu kupekua kwako: ule ukurasa wa mwanzo usiutegemee. Orodha ya kumi bora ya Netflix inahesabu saa zilizoangaliwa ikazigawa kwa urefu wa tamthilia. Inakuambia imeangaliwa kiasi gani wiki hiyo, haikuambii kama watu waliridhika. Hata picha unayoonyeshwa huchaguliwa kulingana na ulivyoangalia awali, hivyo tamthilia ileile kwangu inaweza kuja na sura nyingine kabisa. Andika majina haya kwenye karatasi, ukifungua tafuta jina moja, bonyeza. Halafu ingia kwenye mipangilio, zima ile inayoanzisha sehemu inayofuata yenyewe. Wewe ndiye uamue kama unaendelea, maana kesho unaamka mapema.

Mimi sasa nimefika sehemu ya 7 ya msimu wa pili wa The Pitt, na nimesimama hapo. Ukimaliza Adolescence, ukaangalia moja kila usiku, siku 22 utakuwa umenifikia. Sitagusa ya 8 mpaka uniambie umefika, tuiangalie usiku mmoja, kila mtu kwake, kisha unipigie.

Mama yako