Fomu ya rufaa kwa mtaalamu wa usonji (autism): maswali yenu

Fomu inauliza kama ni rahisi kwangu kujua mtu anawaza nini kwa kumtazama usoni. Mtu yupi, jamani? Mke wangu namsoma tangu mlangoni. Mgeni simwelewi hata akicheka.

Swali lenyewe ndilo limeachwa wazi mno, ndugu yangu. Limo kwenye AQ-10, dodoso la maswali 10 kwa watu wazima lililochapishwa mwaka 2012. Jibu ukiwafikiria watu wa kila siku, kama wafanyakazi wenzako, si yule uliyemzoea kwa miaka. Kisha andika pembeni maneno hayohayo uliyoniandikia. Yana uzito kuliko alama ya vema.

Nimekesha kati ya “nakubali kabisa” na “nakubali kidogo”.

Lala. Katika AQ-10 yote mawili yana alama sawa; kinachohesabika ni upande ulioangukia. Ukifikisha 6, inashauriwa upewe rufaa. Si kwamba umeshaambiwa una usonji. Madodoso mengine yana hesabu zake.

Wanauliza kama naweza kuzungumza na watu nisiowajua. Naweza, ila nikirudi nyumbani najitupa kitandani na viatu miguuni. Nikijibu “ndiyo” si nitakuwa nimejinyima rufaa?

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hasa wakweli. Umeulizwa kama unaweza, ukajibu unaweza, basi. Lakini anayekutathmini anatafuta jinsi unavyoweza. Je, unayapanga maneno kabla ya kutoka? Unaiga kicheko cha mwenzako? Unahesabu sekunde za kumtazama machoni, huku nusu ya anachosema ikikupita? Huko ndiko kujificha, na DSM-5, mwongozo wa mwaka 2013 ambao wataalamu huutumia kutambua hali kama usonji, unakubali kwamba mbinu alizojifunza mtu zinaweza kuzifunika dalili. Kwa hiyo andika “ndiyo, ila…” na hiyo “ila” usiifupishe. Viatu viingie humo. Nafasi isipotosha, ambatisha karatasi. (Aliyebuni visanduku vidogo vile sijui alidhani maisha ya mtu yana upana gani.)

Mwalimu ameandika kuwa mwanangu hana shida. Mimi nimeandika kwamba akitoka shule hulia saa nzima. Nibadilishe yangu yalingane?

Hapana, mama. Kuna watoto wanaojizuia darasani, wakafika nyumbani wakapasuka. Tofauti hiyo nayo ni taarifa. Eleza kilichotangulia kilio na kilichomtuliza.

Nina miaka 41, wazazi wamefariki. Fomu inataka kujua nilianza kuongea lini.

Pole sana. Usibuni umri. Andika “sijui, wazazi wamefariki”, hilo ni jibu kamili. Wanauliza kwa sababu usonji huanza utotoni, hata kama hakuna aliyeutambua wakati huo. Muulize shangazi au kaka mkubwa, si kuhusu tarehe, bali ulivyokuwa: ulicheza na nani, ulikataa nguo zipi, nini kilikuudhi kikihamishwa. Na kama ripoti zako za shule zipo, soma maoni ya walimu kabla ya alama.